Ugomvi wa rangi ya nyumba: kumbukumbu zipi zinamsaidia mwenye nyumba? Tujadili hapa

Mleta mada

Wakuu habari za muda huu. Naomba tuwe na uzi mmoja wa hili jambo maana maswali yanajirudia, mtu kapigisha rangi nyumba ya kupangisha, miezi michache tu rangi inaanza kubanduka au kutoa malengelenge, akimpigia fundi anaambiwa "bosi ukuta wako una maji", akiangalia alichonacho kwenye simu anakuta picha mbili za sebule na meseji ya "nimemaliza kazi". Hapo hata kama haki ni yako huna pa kusimamia.

Nasimamia nyumba za kupangisha kwa muda sasa na kuna kitu kimoja nataka kieleweke kabla ya vingine vyote. Kazi ya rangi inajifunika yenyewe. Mlango ukifungwa vibaya utauona, bomba likivuja utaliona, ila ukuta ukishapigwa mkono wa mwisho (tabaka la mwisho la rangi) huwezi tena kujua kama praima, ile rangi ya chini ya kushikisha, ilipigwa, kama msasa ulipita, kama plasta ilikuwa imekauka, kama mkono wa kwanza ulipewa muda wa kukauka. Hayo ndo yanaamua rangi ikae miaka au ianze kubabuka mapema, na yote yako chini huko hayaonekani. Kwa hiyo picha ya nyumba inang'aa siku ya makabidhiano haisemi kitu kikubwa. Kumbukumbu yenye nguvu ni ya vile vitu ambavyo havionekani tena, na hiyo inachukuliwa kabla ya kazi na katikati ya kazi, huwezi kuja kuitengeneza ugomvi ukishaanza.

Tuanze na ukuta kabla fundi hajafungua ndoo. Piga picha kila ukuta, moja ya mbali inayoonyesha chumba kipi, halafu za karibu kwenye nyufa, kwenye alama za maji chini ya dirisha, kwenye ile chumvi nyeupe inayotoka ukutani, kwenye rangi ya zamani inayobanduka. Andika plasta iliisha lini, maana plasta ya saruji kanuni inayotumika sana ni kuiacha kama siku 28 ndo upige rangi, plasta mbichi ina unyevu na ina ukali wa saruji unaokula rangi, hasa ya mafuta, inalainika na kugeuka kama sabuni. Mwenye nyumba aliyeharakisha ili mpangaji aingie mwezi unapoanza, halafu akamlaumu fundi, hiyo tarehe ya plasta itamuumbua, lakini iandike hivyohivyo, kumbukumbu inayoandika upande mmoja tu haiaminiki na mtu yeyote.

Kwenye unyevu usikisie. Chukua nailoni angavu kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne pasipite hewa, iache usiku kucha, saa 16 hivi au zaidi. Asubuhi ukikuta matone upande wa ndani au ukuta umekolea pale ulipofunikwa, jua maji yanatoka ukutani kwenyewe. Piga picha ikiwa na tarehe na mtumie fundi. Ukuta ukiwa mkavu hiyo picha inakulinda baadaye akisema ulikuwa na maji, ukiwa mbichi inawalinda wote wawili maana kazi inasimama hadi chanzo kitafutwe.

Makubaliano sasa. Meseji ya "njoo unipigie rangi nyumba" sio makubaliano. Andikeni vyumba vipi, dari zimo au hazimo, milango na fremu zimo au hazimo, nani anaziba nyufa, praima aina gani, mikono mingapi baada ya praima (hapa ndo ugomvi mwingi unazaliwa, fundi anahesabu praima kama mkono wa kwanza na wewe huhesabu), jina la rangi na namba ya rangi kama ilivyo kwenye chati, inayong'aa au isiyong'aa, nani ananunua, nani anasafisha sakafu. Na mwandike "kazi nzuri" inapimwaje. Ukimulika ukuta na tochi kwa pembeni kila ukuta duniani utaonekana mbaya. Wapaka rangi wa Marekani kupitia chama chao kilichokuwa kinaitwa PDCA waliweka kiwango kwamba ukaguzi unafanyika umbali wa mita 1 au zaidi, bila kioo cha kukuzia, kwa mwanga ule chumba kitakachotumia, ukiwa umesimama kawaida. Sio lazima mfuate hicho ila chagueni kimoja mkiandike kabla, maana bila hivyo mwenye nyumba ataangalia kwa tochi na fundi ataangalia akiwa mlangoni.

Kitu ambacho watu wengi hawakifanyi na ni rahisi sana ni hesabu ya lita. Pima kuta zako. Tuseme jumla ni mita za mraba 120, mikono miwili inakuwa 240. Rangi ya maji kwenye ukuta laini lita moja inapiga karibu mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, inategemea rangi yenyewe, imeandikwa kwenye kopo. Kwa 10 unahitaji lita 24, kwa 12 unahitaji lita 20, na ukuta wa kunyonya au wenye mikwaruzo unakula zaidi. Sasa kama kazi yote imetumia ndoo moja ya lita 10 na fundi anasema mikono miwili, kuna kitu hakijakaa sawa, ama ni mkono mmoja ama rangi imezidishiwa maji. Ndo maana picha ya makopo yote yakiwa yamefungwa, lebo ikisomeka pamoja na namba ya toleo, halafu picha ya makopo matupu kazi ikiisha, ni ushahidi mkubwa kuliko picha ya ukuta. Hesabu haibishani na mtu.

Katikati ya kazi usikae juu ya kichwa cha fundi, mkubaliane tu kwamba kila hatua ikiisha anatuma picha kabla hajaifunika: baada ya kuziba na kupiga msasa, baada ya praima, baada ya mkono wa kwanza. Na meseji fupi ya siku: leo tumefanya vyumba gani, mvua imenyesha au haijanyesha, tumeanza mkono wa pili saa ngapi.

Mengine tupeane hapa chini, hasa mafundi naomba msikae kimya.

Brashi na Rola

Mimi ni fundi rangi na nakubaliana na mleta mada ila niseme la upande wetu. Wenye nyumba wengi wananunua rangi wenyewe, ya bei ya chini, fundi akisema hii haifai anaambiwa piga hivyohivyo, ikipauka jina linaloharibika ni la fundi. Au unamwambia ukuta wa bafuni una maji nyuma yake kuna bomba, anakwambia kwa mdomo "piga tu wapangaji wanaingia". Mimi siku hizi nikiambiwa hivyo naandika meseji hapohapo, "umeniambia niendelee ingawa ukuta una unyevu, naendelea kwa maelekezo yako", nasubiri ajibu ndo nashika brashi. Kuna mwenye nyumba mmoja alinikatalia hela ya mwisho kwa sababu ya malengelenge ukuta wa bafu, nikamfungulia hiyo meseji na jibu lake la "sawa endelea", akalipa siku hiyohiyo bila kelele.

Kuhusu maji kwenye rangi, sio kila fundi anayeongeza maji ni mwizi jamani. Rangi nyingi za maji kopo lenyewe linaruhusu uongeze kidogo, na mkono wa kwanza kwenye plasta mpya unalegezwa kidogo ili ushike. Shida ni kupitiliza.

Mleta mada

Brashi na Rola umesema vizuri na hiyo meseji yako ndo mfano wa kumbukumbu iliyofanywa kwa wakati. Naomba wenye nyumba wasiione kama fundi anawatega. Kwenye suala la maji, njia rahisi ni picha ya sehemu ya lebo inayosema kiwango cha kuchanganya, na kama mna wasiwasi kweli, mbele ya fundi chota kidogo kwenye ndoo anayotumia weka kwenye chupa ndogo ya kioo, funika, andika tarehe na chumba, wote muwe mmejua. Ugomvi ukiwa mkubwa sampuli inaweza kupimwa maabara ikalinganishwa na rangi ya kopo lisilofunguliwa. Mara nyingi haifiki huko.

Nyumba ya Pembeni

Mkuu swali, mimi tayari rangi imeshabanduka, sina picha za katikati, sina chochote zaidi ya risiti. Je nimekwisha? Nimeshamwambia kijana aje akwangue kesho apige upya.

Mleta mada

Hapana, na tafadhali msimamishe huyo kijana kwanza. Ukikwangua unafuta ushahidi uliobaki, na ushahidi wa ukuta uliobanduka ni mzuri kuliko watu wanavyodhani.

Chukua kipande kilichobanduka, usikivunje, kigeuze uangalie mgongo wake. Kama mgongo una unga wa plasta au vumbi jeupe limeng'ang'ania, basi rangi ilishika ila ilichoshikia ndo kimeachia, maana yake ukuta ulikuwa na vumbi, au plasta ni dhaifu, au hakukuwa na praima ya kuushikisha. Kama mgongo uko safi unateleza na chini yake unaona rangi ya zamani inayong'aa, maana yake rangi mpya ilipigwa juu ya ya zamani ya mafuta bila msasa, hilo ni la maandalizi. Kama kimetoka na tabaka zote hadi plasta na nyuma kuna chumvi au ukuta bado ni baridi na una unyevu, hapo muangalie maji kabla ya fundi. Na pembeni ya kipande, pale kilipokatika, ukitumia kioo cha kukuzia unaweza kuona tabaka kama za rangi tofauti, praima nyeupe chini ya rangi ya krimu inaonekana ikiwepo. Tabaka mbili za rangi ileile ni ngumu kuzitofautisha kwa macho, usije ukadai hapo.

Kwa hiyo fanya hivi: piga picha eneo lote kwa mbali, kwa karibu ukiweka rula au sarafu ili ukubwa uonekane, piga mgongo wa vipande, weka vipande kwenye bahasha ya karatasi (nailoni inatunza unyevu), andika chumba, ukuta gani, urefu kutoka sakafuni, tarehe. Urefu kutoka sakafuni ni muhimu, kubanduka kunakoanzia chini na kupanda ni dalili ya maji ya ardhini, kunakofuata mstari wa bomba au chini ya dirisha kuna hadithi nyingine, na kule kulikotapakaa ukuta mzima hadi juu bila mpangilio kunaelekea zaidi kwenye rangi yenyewe au maandalizi. Halafu mwandikie fundi, mpe siku maalum ya kuja kuona, awepo wakati unageuza vipande. Fundi aliyeona kwa macho yake anabisha kidogo sana. Akikataa kuja, meseji ya mwaliko imebaki.

Mpangaji Mstaarabu

Naomba niongelee upande wa sisi wapangaji maana uzi huu unatuhusu pia. Mimi nilihama mahali baada ya kukaa miaka kadhaa, mwenye nyumba akakata depoziti nzima kwa sababu "umechafua rangi". Rangi yenyewe niliikuta, sikuingia kwenye nyumba mpya. Je kumbukumbu zenu zinaonyesha na hilo au zinaonyesha makosa ya wengine tu?

Mleta mada

Dada/kaka umegusa pale pale, na nakuunga mkono. Tarehe ya mwisho kupigwa rangi ni kumbukumbu ya kwanza kwenye ugomvi na mpangaji, na wenye nyumba wengi hawana. Bila hiyo tarehe huwezi kudai chochote cha haki, maana rangi ina umri. Tuseme mmekubaliana kwamba rangi ya ndani inakaa miaka 5. Mpangaji kaingia ikiwa na mwaka 1, kakaa miaka 3, anatoka ikiwa na 4. Iliyobaki ni mwaka 1 kati ya 5, kwa hiyo hata kama mtoto wake kachora ukuta mzima kwa kalamu ya wino, thamani iliyopotea kwenye ukuta huo ni sehemu moja ya tano ya gharama ya kuupiga upya, sio gharama yote na sio nyumba nzima. Akikaa miaka 4 au zaidi rangi imeshamaliza muda wake, ungepiga tu hata angekuwa malaika.

Na kuna tofauti ya uchakavu wa kawaida na uharibifu. Kupauka kwa jua, alama hafifu pale kochi lilipogusa, weusi kidogo pembeni ya swichi, huo ni uchakavu. Matundu makubwa ya misumari, mafuta ya kupikia yaliyoganda kwa sababu hapakufutwa, rangi nyeusi aliyojipigia bila ruhusa, huo ni uharibifu. Mpangaji akiingia tembeeni pamoja chumba kwa chumba mkiandika hali ya kila ukuta, kila mmoja abaki na nakala, akitoka mrudie kwa karatasi ileile na picha za pembe ileile. Na wewe mpangaji usisubiri mwenye nyumba, siku ya kuingia piga zako umtumie, asipojibu zimebaki na tarehe.

Ukungu unahitaji uangalifu wa peke yake. Ukungu wa pembe za dari na nyuma ya kabati mara nyingi ni hewa haizunguki, ukungu wenye duara la kahawia au chini ya tenki ni maji yanavuja. Hapo kumbukumbu ya lini mpangaji aliripoti na lini mwenye nyumba alikuja kuangalia ndo inaamua, hiyo meseji ya "mzee dari inatoa maji" usiifute.

Wa Mji Mpya

Mimi na fundi wangu tunaaminiana miaka mingi, nikianza kumletea makaratasi si ataona simwamini?

Brashi na Rola

Mimi kama fundi napenda makaratasi. Mwenye nyumba anayeandika mikono mingapi na namba ya rangi ananipunguzia kurudia kazi. Anayenitisha ni yule anayesema "wewe unajua tu ninachotaka".

Mleta mada

Kweli kabisa. Tena mnaoaminiana ndo mnahitaji zaidi maana mkikosana mnapoteza mtu, sio hela peke yake. Na sio lazima makaratasi, meseji ya maneno yanayosomeka inatosha kwa kazi ndogo. Voisi noti naziogopa, kutafuta sekunde moja ndani ya voisi noti ndefu miezi baadaye ni mateso, ukipokea maelekezo kwa sauti au kwa kupigiana simu jibu kwa maandishi: "nimekuelewa kwamba sebule tunabadilisha kutoka krimu kwenda kijivu, rangi ya ziada nanunua mimi". Mabadiliko ya katikati yanayosemwa kwa mdomo yanaua makubaliano mazuri kabisa.

Nyumba ya Pembeni

Nimemsimamisha kijana. Nimegeuza vipande viwili, kimoja kina unga wa plasta nyuma, kingine nacho kina unga. Sasa hizi picha nazihifadhije, simu yangu imejaa.

Mleta mada

Vizuri sana, geuza vya kuta nyingine pia usije ukahukumu nyumba nzima kwa ukuta mmoja.

Kwenye kuhifadhi, picha halisi ya kamera ina tarehe na saa ndani yake, ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inapunguzwa na hizo taarifa zinapotea. Itume kama dokumenti, au ipakie moja kwa moja kwenye hifadhi ya mtandaoni, na ile halisi usiifute. Fungua folda ya kila nyumba, ndani yake folda ya kila kazi yenye mwaka na mwezi mbele, mfano "2024-06 rangi ndani", hapo zinajipanga zenyewe. Ndani weka makubaliano, risiti, lebo za makopo, picha za kabla, za katikati, za makabidhiano, na skrinishoti za meseji zinazoonyesha tarehe na namba ya mtu. Nakala iwe sehemu mbili. Zitunze angalau hadi muda wa kudai kisheria kwa mkataba kwenye nchi yako upite, nchi nyingi ni miaka kadhaa, sio miezi.

Na rangi iliyobaki weka lita moja, funga vizuri, andika chumba na tarehe juu ya kifuniko. Hiyo nayo ni kumbukumbu, fundi mwingine akija kurekebisha hatakisia.

Wa Mji Mpya

Nyumba yangu ni ya zamani sana, rangi ziko tabaka juu ya tabaka. Kuna la ziada la kuandika?

Mleta mada

Ndio, risasi. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, Marekani walizipiga marufuku kwenye nyumba za kuishi mwaka 1978, nchi nyingine kabla ya hapo na nyingine baadaye. Kule mwenye nyumba ya kabla ya 1978 anatakiwa kumpa mpangaji taarifa ya risasi na kutunza kumbukumbu yake miaka 3. Kwako hata kama sheria ni nyingine, pima kabla ya kukwangua, tunza majibu, na usiruhusu msasa mkavu kwenye tabaka hizo maana vumbi lake linadhuru watoto hasa wadogo. Mwambie fundi kwa maandishi kabla hajaanza, yeye ndo atalivuta kwanza.

Nyumba ya Pembeni

Fundi amekuja leo. Kageuza vipande mwenyewe, kasema praima hakupiga chumba cha watoto na korido kwa sababu niliyompa ilikwisha na hakuniambia. Tumekubaliana praima nanunua mimi, ufundi wa hivyo vyumba viwili ni wake, sebule ni maji ya bomba ni juu yangu. Tumeandika, amesaini.

Brashi na Rola

Sebule usipige kitu hadi ule mtihani wa nailoni utoke mkavu. Na praima ya safari hii akipiga akutumie picha kabla hajaifunika.